Jina Moja Katika Nyaraka Zote: Somo la Kuomba Mkopo na Ufadhili wa Chuo Kikuu

Katika vijiji vya Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, elimu ya mtoto imekuwa mzigo wa ukoo mzima kwa muda mrefu. Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliunganisha wakulima wadogo wa kahawa wa mlimani, na fedha za kahawa ndizo zilizowalipia ada watoto wengi wa vizazi vilivyopita. Leo kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kimegawanywa mara nyingi kwa warithi, ilhali ada ya chuo kikuu inaweza kufikia mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Kwa familia nyingi, mkopo wa Serikali au ufadhili wa masomo ndio unaoamua kama kijana ataripoti chuoni au atabaki nyumbani na barua ya udahili mkononi.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwombaji mpya, mwanafunzi anayeendelea, mzazi, mlezi na mdhamini. Jambo kuu linalofundishwa ni moja: maombi huandaliwa nyumbani miezi mingi kabla ya dirisha kufunguliwa, na kiini cha maandalizi hayo ni kuhakikisha kwamba nyaraka zote zinamtaja mtu mmoja kwa jina moja. Familia iliyochelewa kuweka nyaraka sawa hujikuta ikiwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo mtaji wa dalali na tapeli.

1. Fahamu unachoomba

Maneno mkopo, ruzuku na ufadhili huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Mlaji anayeyachanganya anaweza kusaini mkataba asiouelewa.

Mkopo wa elimu ya juu hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwezi Julai 2005. Mkopo unaweza kugusa maeneo sita: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Si kila mwombaji hupata maeneo yote, wala si kila eneo hulipwa kwa ukamilifu. Kiwango hutegemea uhitaji uliothibitishwa kwa nyaraka na kozi anayosoma mwombaji.

Mkopo ni deni. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kwa mfano, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 atakatwa shilingi 105,000 kila mwezi hadi deni limalizike. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikitozwa kila mwaka kwa lengo la kulinda thamani ya mkopo. Deni lenyewe linabaki palepale, na mwombaji anapaswa kulifahamu kabla ya kusaini.

Ufadhili usiorejeshwa ni tofauti. Mfano ulio karibu ni Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wahitimu wa Kidato cha Sita waliofaulu kwa viwango vya juu katika masomo ya sayansi na waliodahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Wanaostahili hupatikana kutokana na matokeo ya mtihani. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba anaweza kukuingiza katika orodha hiyo kwa malipo anakudanganya.

Upo pia ufadhili wenye masharti, unaotolewa na waajiri, taasisi na watu binafsi. Mjini Moshi si jambo geni mgeni aliyekuja kupanda mlima au kujitolea shuleni kuahidi kumsomesha kijana. Ahadi hiyo ni njema, lakini ipimwe kwa maswali manne: Inalipia nini hasa? Inalipia kwa miaka mingapi? Fedha zitalipwa moja kwa moja kwa chuo au zitapitia kwa mtu? Je, lipo sharti la kurejesha fedha au kumtumikia mfadhili baada ya kuhitimu? Majibu yawe katika maandishi yaliyosainiwa. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu au minne, na ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano. Ahadi inayogusa mwaka wa kwanza pekee inaiachia familia miaka yote iliyobaki.

2. Weka nyaraka sawa

Mwombaji wa mkopo wa HESLB kwa shahada ya kwanza anapaswa kuwa Mtanzania, awe na umri usiozidi miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe na kipato chake mwenyewe. Vigezo hivyo hutangazwa kila mwaka katika mwongozo wa Bodi, na mwongozo wa mwaka husika ndio wa kufuatwa. Nyaraka zinazohitajika mara kwa mara ni hizi:

(a) Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).
(b) Cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki, nacho kiwe kimehakikiwa na RITA.
(c) Namba ya mtihani wa Kidato cha Nne. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja atumie katika maombi ya mkopo namba ileile aliyoitumia kuomba udahili.
(d) Kitambulisho na picha ya mdhamini.
(e) Uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, iwapo mwombaji au mzazi ana ulemavu.
(f) Namba ya kaya, iwapo familia imo katika mpango wa TASAF.
(g) Saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, pamoja na uthibitisho wa hakimu, wakili au kamishna wa viapo.

Ugumu hujitokeza pale nyaraka hizi zinapowekwa mezani pamoja kwa mara ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masawe, cheti cha Kidato cha Nne kinasema Massawe. Cheti cha ubatizo kinamwita kijana Yohana, shuleni aliandikishwa John. Cheti kimoja kina jina la babu, kingine kina jina la ukoo. Kwa majirani na ndugu huyo ni mtoto yuleyule. Kwa mfumo wa kompyuta unaolinganisha herufi kwa herufi, hao wanaweza kuwa watu wawili.

Hatua za kuchukua ni tatu. Kwanza, mzazi ahakiki jina la mtoto wakati shule inaposajili watahiniwa kwa Baraza la Mitihani. Huo ndio wakati mwepesi zaidi wa kusahihisha, na haugharimu zaidi ya safari ya kwenda shuleni. Pili, iwapo kosa limo katika cheti cha kuzaliwa, marekebisho yaombwe RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au mfumo wa mtandaoni wa Wakala huo. Tatu, iwapo majina yamekwisha kutofautiana katika vyeti vya shule, mwombaji amwone wakili mapema kuhusu hati ya kisheria ya majina. Asisubiri wiki ya mwisho ya maombi, kwa kuwa hati hiyo nayo ina hatua zake za usajili.

Asiyesajiliwa tangu utotoni bado anaweza kupata cheti cha kuzaliwa, ila usajili wa kuchelewa huhitaji ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha falaki, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na barua ya mtendaji wa kijiji.

Jambo lingine linagusa sana familia za mlimani. Kwa desturi ya Wachaga, marehemu wengi huzikwa nyumbani, katika kihamba. Mazishi hufanyika kwa heshima, ukoo hukusanyika, matanga humalizika, lakini kifo hakiandikishwi. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Miaka kumi baadaye mtoto wa marehemu anaomba mkopo akiwa yatima, kijiji kizima kinajua kuwa baba yake hayupo, lakini hana karatasi inayosema hivyo. Bila cheti cha kifo, Bodi haina namna ya kumtambua kuwa yatima. Familia iliyo katika hali hii ianze usajili wa kuchelewa sasa, kwa barua ya mtendaji na ushahidi wa waliokuwepo msibani. Kuandikisha kifo ni haki ya mtoto aliyebaki.

3. Fuata kalenda

Katika miaka ya karibuni, dirisha la maombi ya mkopo limekuwa likifunguliwa kati ya Juni na Julai na kufungwa kati ya Agosti na Oktoba. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika mwezi Mei na matokeo hutoka mwezi Julai. Wakati huohuo wahitimu wengi huwa kambini katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako si rahisi kushika simu au kutoka kutafuta muhuri. Kwa hiyo kijana anayeanza kutafuta nyaraka mwezi Julai ameshachelewa.

Desemba. Huu ndio mwezi ambao wenyeji wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi nyumbani. Familia itumie siku moja ya mapumziko hayo kuweka vyeti vyote mezani na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Mdhamini aombwe akiwa ana kwa ana, asome anachokwenda kukisaini, kisha atoe nakala ya kitambulisho chake.

Januari hadi Aprili. Rekebisha majina, andikisha kuzaliwa au kifo kulikochelewa, na omba uhakiki wa RITA. Fungua akaunti ya benki kwa jina lililo katika vyeti vya shule.

Mei na Juni. Soma mwongozo mpya wa HESLB mara unapotoka. Kijana anayekwenda kambini aache nyaraka zake kwa mzazi au ndugu anayeaminika, zikiwa katika bahasha moja.

Julai na kuendelea. Jaza maombi, chapisha fomu, ipeleke kwa wanaopaswa kusaini, irudishe mfumoni kwa ukamilifu, na uhifadhi nakala. Maombi ya udahili hutumwa kwa chuo chenyewe. Aliyedahiliwa katika vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

4. Akaunti ni yako

Waombaji wengi hujaza fomu katika steshenari za mjini, na huduma hiyo ni halali. Lakini mhudumu huwa na haraka, naye huweza kuweka barua pepe na namba ya simu yake ili kazi iende upesi. Mwezi Oktoba mwombaji anataka kujua kama amepangiwa mkopo. Ujumbe umekwenda kwenye simu ya mtu asiyemkumbuka, na neno la siri analo mhudumu huyo.

Kabla ya kwenda steshenari, uwe na barua pepe yako mwenyewe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Andika neno la siri katika daftari linalobaki nyumbani. Soma kila ukurasa kabla haujatumwa. Hakikisha umetoka katika akaunti kabla ya kuondoka, na uombe picha za vyeti vyako zifutwe katika kompyuta ile. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mdhamini ni taarifa binafsi, nazo zikiangukia mikononi mwa mtu mbaya zinaweza kutumika kwa udanganyifu. Ukitaka kujua laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Ada ya maombi ya mkopo kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000, nayo hairejeshwi. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Kumbuka kanuni hii: malipo ya Serikali huenda kwenye namba ya kumbukumbu, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Gharama ya kuchapisha na kujaziwa fomu ni malipo ya steshenari. Uliza bei kabla ya kuanza na udai risiti.

5. Mwanafunzi anayeendelea

Mwanafunzi mwenye mkopo haombi upya kila mwaka, lakini mkopo haujiendeshi wenyewe. Chuo hupeleka matokeo yake kwa Bodi, na malipo huendelea iwapo amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Anapaswa kujisajili chuoni kwa wakati na kuthibitisha malipo kila fedha zinapotoka. Akiahirisha masomo kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine, apate barua ya chuo na ahakikishe kwamba taarifa imefika kwenye dawati la mikopo. Akihama chuo, mathalani kutoka Dar es Salaam kuja Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ahamishe pia taarifa za mkopo wake.

Mwanafunzi aliyeanza kwa fedha za nyumbani au za mfadhili, kisha fedha hizo zikakatika, anaweza kuomba mkopo akiwa mwaka wa pili au wa tatu, mradi amefaulu mitihani ya kumwezesha kuendelea na anatimiza vigezo vya mwaka huo. Wengi huacha chuo kimyakimya kwa kudhani kwamba nafasi ya kuomba ilikuwa mwaka wa kwanza pekee. Kabla ya kuacha, fika kwenye dawati la mikopo la chuo na kwa mshauri wa wanafunzi.

Aliyekosa mkopo au aliyepata kiwango kidogo asikate tamaa mapema. Majina hutolewa kwa awamu, na mwombaji hufuatilia hali yake katika akaunti yake ya mtandaoni. Baada ya upangaji, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Rufaa yenye nguvu huambatisha kitu kipya: cheti cha kifo kilichokosekana mwanzoni, uthibitisho wa ulemavu, au hati ya majina. Kurudia malalamiko yaleyale bila ushahidi hakubadilishi picha ambayo Bodi inayo.

6. Ufadhili wa nje na madalali

Nafasi za masomo katika nchi rafiki kama vile China, Morocco na Algeria hutangazwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na masharti yake huandikwa katika tangazo. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, ulio wa shahada ya umahiri kwa wenye uzoefu wa kazi, hautozi ada ya maombi. Wakala anayepeleka wanafunzi katika vyuo vya nje anatakiwa awe amesajiliwa na TCU. Muombe cheti chake, kisha uthibitishe kwa Tume yenyewe. Ni TCU pia inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada yake akirudi. Kuuza ng'ombe au sehemu ya kihamba ili kulipia chuo kisichotambulika ni hasara ambayo familia haiwezi kuirudisha.

Jihadhari na dalili hizi: ahadi ya uhakika wa asilimia mia moja, madai ya kuwa na "mtu wa ndani", malipo ya haraka kwenda simu ya mtu binafsi, barua yenye nembo ya taasisi lakini isiyopatikana katika tovuti ya taasisi hiyo, na kutakiwa kutoa neno la siri.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba ya mtumaji. Mtumishi akikuomba rushwa ili akugongee muhuri au akupitishie maombi, piga 113 ya TAKUKURU bila malipo. Kama fedha zimekwisha kutumwa, wasiliana mara moja na mtandao wa simu au benki, kisha utoe taarifa polisi. Hifadhi ujumbe, risiti na namba zote. Tangazo linalopotosha walaji kuhusu huduma au bei yake ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.

7. Maswali ya kujipima

Familia isome maswali haya pamoja na iyajibu kwa kutazama nyaraka zenyewe.

1. Je, jina la mwombaji limeandikwa kwa herufi zilezile katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na akaunti ya benki?
2. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kipo, na kimehakikiwa?
3. Mdhamini amesoma anachokisaini, na anajua kuwa mkopo ni deni?
4. Nani anashika neno la siri la akaunti ya maombi, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani?
5. Kwa ufadhili ulioahidiwa, ni miaka mingapi imeandikwa katika mkataba?
6. Fedha unayotakiwa kulipa inakwenda kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo au kwenye simu ya mtu?

Swali lolote lililokosa jibu ndilo la kushughulikiwa kwanza wiki hii, wakati ofisi bado hazina foleni na dirisha bado halijafunguliwa.